Kutembea Ubelgiji, Kianda Ikiwaka

Nilipiga kura asubuhi na mapema pale shule ya Olympic mtaani kwetu, na kesho yake nikapanda ndege kwenda Ubelgiji nikiwa bado na wino kidoleni. Safari hiyo nilikuwa nimeingoja karibu mwaka mzima. Mwalimu mmoja mstaafu wa mji wa Ghent, mama wa miaka sabini hivi, aliwahi kukaa kwenye parokia yetu akifundisha wasichana ushonaji. Tangu hapo alikuwa akinunua mikoba ninayoshona kutokana na vipande vya mitumba kwenye kibanda changu Soko la Toi. Akanialika wiki mbili niione nchi yake.

Mume wangu, ambaye ni seremala, ndiye aliyesisitiza niende. "Hii maneno ya kura itaisha siku mbili," aliniambia. "Ukirudi utatupata hapa hapa." Tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika mtaa wa Kianda, sisi wawili na binti yetu wa miaka minane. Kwetu ni Machakos. Siku hizo mtu akikuuliza kwenu ni wapi, ilikuwa ni njia ya kuanzisha mazungumzo tu.

Mwenyeji wangu hakuwa na gari na wala hakulitamani. Alinionyesha tikiti ya treni yenye mistari kumi: kila ukisafiri unaandika kwa kalamu tarehe, unakotoka na unakokwenda. Aliiandika kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zote zimesimama sawasawa. Jumapili tukaenda Bruges.

Mji ule ni mzuri, siwezi kusema vingine. Nyumba za matofali zimeinamia mifereji ya maji, madaraja ni mafupi, na juu ya mnara kengele zinapiga wimbo mzima. Tulikuwa tumesimama chini ya mnara huo wakati ujumbe wa mume wangu ulipoingia: "Wametangaza matokeo. Watu wako nje. Tumefunga mlango." Nilipiga simu pale pale. Nikajibiwa na yule mwanamke wa mitambo: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nilipiga tena na tena, nikimfuata mwenyeji wangu kwenye mawe ya barabara, naye akinieleza habari za wafanyabiashara wa sufu wa zamani. Yule mwanamke wa kwenye simu ndiye mtu pekee aliyenisemesha Kiswahili siku tatu zilizofuata.

Kwenye televisheni walionyesha moshi na vijana wenye mawe, lakini maelezo yalikuwa kwa lugha yao. Mwenyeji wangu alinitafsiria nusu, na nusu nyingine nikaona ameimeza.

"Tukae nyumbani," alisema. "Hakuna haja ya kutembea."

Nilimwomba twende. Ndani ya nyumba nilikuwa nikihesabu vigae vya sakafu na kuangalia simu. Ndani ya treni angalau kitu kilikuwa kinasonga.

Basi tukaenda Ieper, mji ulio karibu na mpaka wa Ufaransa. Kwenye kiti mbele yangu abiria mmoja alikuwa ameacha gazeti. Nililigeuza, nikakutana na picha ya uwanja mweusi, miti iliyoungua imesimama kama vijiti vya kiberiti, na nyuma yake jengo la ghorofa la rangi ya kijani. Jengo hilo nililijua. Kila siku alasiri kivuli chake kilikuwa kinafika kwenye mashine yangu.

Nikampa mwenyeji wangu gazeti. "Nisomee."

Alivaa miwani, akasoma kimya, kisha akalikunja. "Wanasema soko limeungua lote."

"Watu je?"

"Hawajasema."

Huko Ieper alinipeleka moja kwa moja kwenye jumba kubwa lililoujaza uwanja upande mmoja. Wanaliita Jumba la Nguo, kwa sababu zamani vitambaa viliuzwa humo. Alikuwa amelichagua kwa ajili yangu mshonaji, tangu kabla sijafika. Mikono yangu ilikuwa baridi hata ndani ya glavu alizonipa.

"Unaona?" alisema kwa upole. "Wakati wa vita vya kwanza vya dunia hili lote lilikuwa kifusi. Mji mzima ulikuwa kifusi. Wakajenga upya, jiwe kwa jiwe, kama lilivyokuwa."

"Iliwachukua miaka mingapi?"

"Mpaka kumaliza kabisa, karibu hamsini."

Najua alitaka kunituliza. Lakini nilisikia hasira ikinipanda, nikamwambia mimi nina mtoto wa miaka minane na sijui amelala wapi. Tulikaa kwenye benchi la baridi mpaka saa ya treni, naye akanishika mkono bila kunitazama.

Kesho yake alikuwa na miadi ya daktari, nikapanda tramu peke yangu kutoka stesheni kwenda katikati ya mji wa Ghent. Ukiingia unatakiwa kugonga tikiti kwenye mashine ndogo mlangoni. Kabla sijaigonga, simu ikalia. Nambari ilikuwa ngeni, lakini ni ya nchini kwetu.

"Ni mimi," mume wangu alisema. "Hii ni simu ya watu wa kanisa. Kredo ya simu haipatikani popote, maduka yamefungwa."

"Mtoto?"

"Ako hapa. Tulitoka Kianda kwa miguu, tukaja Kawangware kwa dada yako."

"Na huko kuko aje?"

"Jana watu walipita mlango kwa mlango wakiuliza nani ni wa wapi. Tumelala kanisani, na dada yako pia."

Wakati huo mkaguzi wa tikiti alikuwa amesimama mbele yangu, mzee wa masharubu ya kijivu, akionyesha kwa kidole tikiti yangu isiyogongwa. Nilimwinulia kiganja.

"Nipe nimsikie," nikasema.

Binti yangu alikuja kwenye simu. Nikamuuliza kwa Kikamba kama amekula. Alinijibu kwa Kiswahili, karibu kwa kunong'ona: "Mami, Baba amesema tusiongee kikwetu."

Kisha simu ikakatika.

Mkaguzi alikuwa bado amesimama. Tulikuwa tumepita vituo vitatu. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Ni habari mbaya?"

"Sijui," nilisema. "Wako hai."

Alichukua tikiti yangu, akaiingiza kwenye mashine mwenyewe, akanirudishia, akaenda kukagua wengine.

Nilitaka kurudi siku hiyo hiyo. Mume wangu alipopiga tena alikataa. Alisema barabara ya kutoka uwanja wa ndege haijulikani itakuwa aje. Nilirudi siku iliyopangwa, nikaenda Kawangware moja kwa moja. Niliwakuta nje ya kanisa. Binti yangu alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine, vikubwa, vimefungwa kwa uzi.

Baada ya siku mbili tulikwenda Toi. Majivu yalikuwa yamefagiliwa marundo marundo, na watu walikuwa wameanza kusimamisha miti ya vibanda. Mahali pangu palikuwa wazi, pamezungushiwa mawe. Mama mmoja muuza viatu, mtu wa magharibi ya nchi, si wa kwetu, alikuwa ameyaweka yeye.

"Watu walitaka hapa," aliniambia. "Nikawaambia mwenyewe ako Ulaya anatembea. Wakanicheka, eti nidanganye kitu kingine."

Nilicheka pia, halafu nikakaa juu ya jiwe mojawapo. Alipoona nimetulia alinipa jembe lake. Tukaanza kuchimba shimo la mti wa kwanza, mimi na mume wangu, huku binti yetu ameshikilia sketi yangu na kukataa kuiachilia.