Kamera Niliyomtegea Mzee Maduhu

Naungama kisa hiki huku uso bado unanichoma. Kila wiki gari langu lilipata mchubuko mpya ubavuni, nami nilikuwa na hakika mkosaji ni Mzee Maduhu, mlinzi wa ofisi yetu hapa Mwanza. Nikimwamkia shikamoo, alilitazama gari kwanza ndipo aitikie marahaba. Mtu asiye na hatia hatazami hivyo.

Nikaenda kwenye maduka ya Mirongo kutafuta kamera ya gari. Muuzaji alinionyesha ya bei nafuu, nikaikataa. Nilitaka ya kuaminika, inayoona vizuri na kunasa hata sauti. Nikaipata, nikaifunga kwenye kioo cha mbele.

Jumatano nikakuta mchubuko mwingine. Sikungoja hata kuitazama video peke yangu. Nilimwita bosi, nikamwita na Mzee Maduhu, nikachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta.

"Leo mbaya wangu atajulikana," nikasema.

Video ilionyesha nikiingia getini asubuhi ile. Mbele ya gari alisimama Mzee Maduhu, akipunga mikono yote miwili. "Mama, simama! Unakwangua nguzo!" Sikuwa nimemsikia, maana nilikuwa nikiongea na dada yangu kwenye simu. Bati likalia krrr, na juu yake sauti yangu ikacheka: "Bosi wetu huyu? Hata barua hawezi kuandika, namwandikia mimi!"

Nikanyoosha mkono haraka nizime. Bosi akanizuia.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema taratibu. "Hapo kwenye barua sikusikia vizuri."