Kisanduku Kilichompa Mzee Mjengi Mimba

Nikikutana na Mzee Mjengi njiani, hadi leo naangalia chini kwanza ndipo nacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyempa mimba mbele ya mkutano wa kijiji.

Nilikuwa najitolea ofisi ya kijiji, shahada mkononi na wasiwasi kichwani, na Mama Mtendaji alinipa kazi moja: niandae fomu za kaya kwenye kompyuta, zisomwe mkutanoni, wananchi wazipitishe, na jioni hiyo hiyo ziende wilayani, la sivyo kijiji kizima kinakosa mbegu za alizeti. Sasa mimi, badala ya kutiki kisanduku kimoja kimoja kama mtu mwenye akili timamu, nikajifanya fundi, nikaunganisha visanduku kwenye kiolezo, ile fomu mama ya zote, ili ukitiki "Analima alizeti", basi "Anahitaji mbegu" kijitiki chenyewe. (Ukubwa wa herufi nilikagua mara tisa. Nilimpigia hadi dada yangu kumuuliza kuhusu rangi ya mistari.) Ambacho sikukagua ni kwamba nilikuwa nimeunganisha kisanduku cha chini yake.

Mama Mtendaji akasoma kama kawaida yake, neno kwa neno, haruki kitu: "Mzee Mjengi, miaka sabini na mbili, analima alizeti, mjamzito."

Mama mmoja akadakia kutoka nyuma: "Shikamoo mzee! Ya miezi mingapi?"

"Marahaba, mwanangu. Namwambia mke wangu kiuno kinauma, yeye anasema ni jembe!"

Wa pili, mjamzito. Wa tatu, mwenyekiti wa kijiji, mjamzito naye, maana huku kwetu nani halimi alizeti? Watu wameshika mbavu, lakini mimi jasho lilinitoka kwa jambo jingine: hakuna hata mmoja aliyeandikwa kuwa anahitaji mbegu.

Mama Mtendaji akavua miwani. "Elia, baba, hebu njoo."

Nilifikiria kukimbia (barabara ya lami haikuwa mbali, nilishaipigia hesabu). Badala yake nikasimama, nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Kosa ni langu." Nikafungua kompyuta pale pale mezani, nikauhamisha ule muunganisho mstari mmoja juu, na kwa kuwa fomu zote zilifuata kiolezo kimoja, zikajirekebisha zote kwa mpigo, kazi ambayo kwa mkono ingetuchukua siku tatu.

"Soma tena!" wakapiga kelele.

"Mzee Mjengi, miaka sabini na mbili, analima alizeti, anahitaji mbegu."

Makofi! Mzee akainuka, akapunga kofia. "Nimejifungua salama, jamani!"

Mikono yote ikanyooka juu, fomu zikaondoka kabla jua halijazama, mbegu zikaja, na Mama Mtendaji akaniandikia barua iliyonipatia ajira niliyonayo sasa.

Lakini nimeapa: hakuna kiolezo kitakachomgusa mzee wa watu kabla sijakijaribu kwa jina langu mwenyewe. Mpaka sasa nimeshapata mimba mbili, na zote nimezigundua nikiwa peke yangu ofisini.