Walioitikia Marahaba

Klabu yetu ya Kijenge haikuwa na kocha wa makipa, lakini ilikuwa na kinyozi. Kila asubuhi ya mechi ya vijana alifungua kibanda chake kabla hata ya muuza chapati, na wachezaji wetu, ambao kwa vyeti hakuna aliyezidi miaka kumi na tano, wakapanga foleni ya kunyolewa ndevu. Wa kwanza alikuwa kapteni. Ndevu zake zilikuwa na kiburi, ukizinyoa asubuhi zinarudi kipindi cha pili, kwa hiyo kinyozi alisafiri na timu akiwa na wembe mfukoni, na kwenye benchi alikaa pale ambapo timu nyingine humweka daktari.

Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni. Kwenye kamati ya klabu waliniingiza baada ya kuwapatia seti ya jezi kwa bei ambayo mpaka leo yule muuzaji akiniona anavuka barabara. Ila kuhesabu ni ugonjwa wangu, nahesabu kila kitu mara mbili. Jezi zile nilihesabu nikapata kumi na sita, nikarudia, zikawa kumi na tano na kaptula moja iliyokunjwa kwa ufundi. Hapo mwenyekiti akasema mtu kama huyu hatuwezi kumwacha nje.

Nilikuwa mchezaji wa klabu hiyohiyo utotoni. Enzi zetu vijana walifanya mazoezi kabla ya shule, wanakimbia mpaka mto Themi na kurudi, na kocha hakukuruhusu kupiga shuti mpaka ujue kutoa pasi kwa mguu wako mbovu. Mimi nilikuwa winga mwenye mbio sana, shida yangu ndogo ilikuwa kwamba mpira nauacha nyuma. Lakini nilifundishwa. Sasa mazoezi yamegeuka vikao. Tunakutana, tunakunywa soda, tunajadili nani atatuchezea Jumamosi, na yule atakayetuchezea wakati huo yuko kijiweni anasubiri abiria, maana kapteni wetu wa vijana ni dereva wa bodaboda mwenye mke na mtoto wa pili njiani.

Watu wa mpira humwita kijeba, mtu mzima anayecheza na watoto. Sisi, kwa hesabu yangu, tulikuwa nao wanane. Walikuwa na kumi na tano mwaka juzi, mwaka jana pia, na mwaka huu hawakuona sababu ya kubadilisha. Makombe tulichukua, kabatini yapo. Watoto wa mtaa wenyewe walikuwa wanabeba chupa za maji.

Mmoja wa wabeba maji alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada. Mguu wa kushoto, mwembamba kama ufito, mpira ukifika kwake unatulia kama umefika nyumbani. Katika klabu nzima, yeye peke yake alikuwa anakua. Vijeba walisimama palepale kwenye kumi na tano, yeye alikuwa anatembea, na Jumanne baada ya fainali angetimiza kumi na sita. Ikipita fainali hajagusa mpira, basi umri wake ungemalizika hajautumia hata siku moja. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kulia, huku ananisaidia kufunga kamba za raba: "Mjomba, hao wataendelea kuwa na miaka kumi na tano. Mimi nitaweza wapi?"

Nikaenda kwa mwenyekiti kufanya kazi ninayoijua. Kwenye biashara huanzi na unachotaka, unaanza na kinachomtia mwenzako kikohozi. Nikaomba mchezo mzima. Mwenyekiti akakohoa, akasema mtoto atabeba maji kama kawaida, ila safari hii atabeba yale ya baridi. Nikashuka mpaka kipindi kimoja. Akapanda mpaka kukaa benchi akiwa amevaa jezi. Nikageuka kama naondoka, mbinu ambayo sokoni haijawahi kuniangusha, nikafika mlangoni, nikafika nje, nikafika barabarani, na hakuna aliyeniita. Ikabidi nirudi kuchukua kofia yangu. Tukamalizana hivi: dakika tano za mwisho, kama tunaongoza kwa mabao matatu. Nikampelekea mpwa wangu ofa hiyo kama mtu anayemletea mtoto kiatu cha mguu mmoja. Akafurahi. Hilo ndilo liliniumiza.

Fainali ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi kule Sekei. Zawadi ilikuwa kombe na beberu, na beberu alifungwa nyuma ya goli la upande wa mlima, mweusi mwenye shingo nene, anawatazama watu kama mjumbe wa nyumba kumi. Mwenyekiti wetu alishamgawa kabla ya mechi. Mbavu kwa kamati, mapaja kwa wafadhili, utumbo kwa wachezaji. Ndizi za kupika naye zilishamenywa tayari kule Kijenge.

Wapinzani walikuwa watoto wa mashambani huko juu, kwenye migomba na kahawa, wamekuja na kocha wao ambaye ni mzee wa kanisa. Walikuwa watoto kweli. Kaptula zimewafika chini ya magoti, soksi zimevutwa mpaka zikakutana na kaptula, huoni ngozi. Waliwatazama wachezaji wetu wakipasha misuli, nikaona kipa wao anazivuta soksi zake tena. Kinyozi akapita mara ya mwisho kwenye kidevu cha kapteni. Kila kitu kilikuwa sawa.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ileile, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni na sura ya mtu aliyeshasikia visingizio vyote duniani. Akapanga timu mistari miwili, akasema wapeane mikono. Wale wa juu wakaanza kupita mbele ya wetu.

Sasa, mtoto aliyelelewa ni mtoto aliyelelewa. Yule wa kwanza alifika mbele ya kapteni wetu, akainua macho juu, akaona kifua, akaona shingo, akaona kile kidevu kinachong'aa, na mdomo wake ukafanya kazi aliyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kapteni. Na kwa kuwa naye kalelewa, akaongeza, "Hamjambo huko nyumbani? Baba yako nilimbeba juzi, mwambie ule mguu unaomsumbua autunze."

Mstari ukaendelea kutembea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa utamu. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Beki wetu wa kulia akaitikia huku anapiga miayo, kama baba aliyekaa kibarazani. Wa kati akamuuliza mtoto kama anasoma kwa bidii. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika mbavu. Wa mwisho kwenye mstari wao hakusema kitu kabisa. Aliinamisha kichwa mbele ya kipa wetu, vile watoto wa Kiarusha wanavyowasalimu wazee wao, na kipa wetu, bila kuwaza, akavua glovu moja, akaweka kiganja juu ya kile kichwa, taratibu, kwa baraka zote.

Halafu beberu akalia, watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini.

Mwamuzi hakucheka. Alisubiri tunyamaze kama anavyosubiri darasa, akasema, "Wote walioitikia marahaba, wakae pembeni."

Mwenyekiti wetu akaingia uwanjani mbio na faili la vyeti. Akaeleza kwamba hiyo ni adabu tu, kijana ameamkiwa angefanyaje, akae kimya aonekane hana malezi? Mwamuzi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ni adabu, nami naiheshimu," akasema. "Ndiyo maana siwezi kuwakimbiza wazee juani."

Walitoka wanane. Wakabaki watatu, ambao walikuwa watoto halali, na walikuwa kwenye timu kwa sababu baba zao ni wajumbe wa kamati. Nikahesabu na benchi, mpwa wangu na wenzake wawili. Sita. Nikarudia kuhesabu, labda kuna kaptula imekunjwa mahali. Sita. Sheria ya mashindano ilitaka wasiopungua saba, la sivyo mechi imekwisha na beberu anapanda mlima bila hata jasho. Mpwa wangu alishavaa viatu, nilivyomchagulia mwenyewe, ananiangalia mimi. Nilimpigania dakika tano, na sasa zilikuwa zimekuja tisini kwa mkupuo, zimeshindwa kuingia kwa kukosa mtu mmoja.

Hapo akashuka kutoka kwenye watazamaji mama muuza mboga wa mtaani kwetu, khanga kiunoni, kamshika mkono mmoja wa wale wanane waliotolewa, jitu la mabega mapana lililokuwa linacheza namba tano. Akamweleza mwamuzi kwamba huyu ni wake, kamzaa yeye, ana kumi na nne, mwili ni wa upande wa baba yake, na kama ni kosa aulizwe baba yake. Mwamuzi akamuuliza kijana kwa nini basi aliitikia marahaba. Kijana akasema kwa sauti nyembamba ya kushangaza kwamba aliona kaka zake wanaitikia, akafuata.

Mwenyekiti akafungua faili. Mwamuzi akamwashiria alifunge. Akaenda kusimama mbele ya lile jitu, kichwa chake kikaishia kwenye mbavu za mtoto, akamkazia macho. Ilipita kama nusu dakika. Jitu likaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, likaficha mikono nyuma.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Ingia ucheze."

Saba. Nilihesabu tena kwa raha tu.

Sitadanganya kuhusu mpira wenyewe. Saba dhidi ya kumi na moja ni kama kwenda sokoni bila pesa, unatembea sana na unarudi mikono mitupu. Wale watoto wa juu walikuwa na mapafu ya mlimani, hawachoki. Nilihesabu mabao matano, nikarudia kuhesabu, yakawa sita, moja lilikuwa limeingia wakati nahesabu. Lakini mpwa wangu alikuwa anacheza. Aliomba mpira, akapewa, akageuka nao kwa ule mguu wa kushoto, akawapita wawili, wa tatu akampokonya, akacheka, akakimbia kuurudisha. Hakuna aliyekuwa anamtuma maji.

Na vijeba nao, nilidhani wataondoka kwa aibu. Hawakuondoka. Kapteni alivaa koti lake la bodaboda lenye mistari ya kung'aa akawa anakimbia pembeni mwa uwanja, anaelekeza. Dogo, usimwangalie yeye, angalia mpira. Chalii, fungua mwili kabla hujapokea. Kipa mkubwa alikaa nyuma ya goli, karibu na beberu, anamfundisha kipa mdogo namna ya kusimama kwenye kona, akionyesha kwa mikono. Wote saba walisambaa kwenye mstari, kila mmoja na mtoto wake. Kumbe watu walikuwa wanaujua mpira, tena sana. Miaka yote ile hatujawahi kuwauliza.

Bao letu lilipatikana karibu na mwisho. Kona, mpwa wangu akaipiga kwa kushoto, ikapinda kama ndizi, ikalipata lile jitu kwenye kisogo wakati linampungia mama yake mkono. Mpira ukaingia. Mfungaji mwenyewe alikuwa mtu wa mwisho uwanjani kujua. Tulishangilia bao hilo moja hadi mwamuzi akatazama saa. Kinyozi alimkumbatia mwenyekiti, na mwenyekiti, faili chini ya kwapa, alijikuta anaruka, akakumbuka, akaacha.

Kapteni akaja kusimama kando yangu, anahema, ndevu zimeshaanza kurudi.

"Mjomba mtu," akasema, "huyu mtoto mlikuwa mmemficha wapi?"

"Nyuma yako."

Akashika kidevu chake, akakisugua, akarudi kwenye mstari kumwambia mpwa wangu arudi kukaba.

Baada ya mechi nilikwenda kwa kocha wa wapinzani nikaanza maneno. Nikamwambia njia ya kupanda kwao ni ndefu na beberu ni mzito, labda angepunguza mzigo kwa kutuachia kichwa cha supu akishachinjwa. Mzee wa kanisa akanitazama kwa upole sana, akanipa mkono wa kwaheri, na beberu akaondoka na miguu yake yote, watoto wanamvuta, naye anawavuta, wote wamefurahi. Kule Kijenge tulikula ndizi za beberu bila beberu. Kapteni alikaa upande wa watoto, anachora uwanja mezani kwa maganda.

Lakini kabla ya hapo tulirudi kwa miguu, mimi na mpwa wangu. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka kwenye kope. Hakuvua viatu. Tulipovuka Themi akaniuliza kama nilihesabu dakika alizocheza, nikasema mara mbili, zote zipo. Akanyamaza kwa furaha, aina ile ya kunyamaza ambayo unamsikia mtu anatabasamu bila kumtazama.

Karibu na nyumbani kulikuwa na watoto wa jirani wanapiga mpira wa makaratasi. Mmoja, mdogo kabisa, hana meno ya mbele, akaona jezi, akaona viatu, akaacha mpira na kusimama wima.

"Shikamoo."

Mpwa wangu akafungua mdomo. Akanitupia jicho. Akafunga mdomo, akachuchumaa mpaka wakalingana, akamgongea ngumi ile ndogo.

"Poa, dogo," akasema. "Mimi bado nina kumi na tano. Njoo Jumanne."