Walivyocheka Kabla Sijasema

Barua ya kuacha kazi ilikuwa tayari ndani ya mkoba wangu, imekunjwa mara nne, ni tarehe tu sikuwa nimeandika. Dadangu alikuwa amefungua duka la kushona yunifomu kule mtaa wa Satellite, na alitaka nijiunge naye shule zikifungwa. Nilikuwa nimemwambia ndiyo. Mimi si mtu wa kusema ndiyo halafu nirudi nyuma, kwa hivyo moyoni kazi ilikuwa imeshaisha. Zilibaki wiki tano tu za kushika chaki.

Si kwamba niliwachukia watoto. Nilichoka, basi. Miaka kumi na mitatu katika shule moja ya mabati pale Kibera, karibu na Soweto East, chumba kimegawanywa kwa plaiwudi: huku gredi ya tano yangu, kule gredi ya nne ya mwenzangu. Akiuliza swali upande wake, watoto wangu wanajibu. Mvua ikipiga mabati, sote wawili tunanyamaza na kungoja. Na nilikuwa na daftari langu la maandalizi, lile lile, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Kila mwaka nilifungua ukurasa ule ule na kuandika shamba lile lile ubaoni: urefu mita arobaini, upana mita ishirini na tano, tafuta eneo. Siku hizo nilikuwa nafundisha nimekaa.

Lakini ajabu ni kwamba darasa hilo lilikuwa moto. Sijamaliza kuuliza, mikono iko juu. Mtihani wa hesabu wanapata zote. Nikawa na maringo katika ofisi ya walimu, huniambii kitu. "Hawa nimewapika wakaiva," nilikuwa nasema. Mwenzangu wa gredi ya nne alinitazama akitabasamu. "Wewe hata ukisinzia, hao watapita tu." Nilidhani ananisifu.

Jumanne moja nilikuwa na kikohozi. Shamba langu liko ubaoni, nimefika pale ambapo kila mwaka natia kichekesho cha mzee aliyepima shamba kwa hatua zake. Akiuza, anapiga hatua fupi za kuku ili shamba litoke kubwa. Akinunua, anaruka hatua ndefu ili litoke dogo. Nilifungua mdomo nianze, kikohozi kikanibana, nikageuka kando kutafuta leso. Sijasema hata neno moja, darasa zima likacheka.

Damu ilinipanda. Nilijua wananicheka mimi. "Mnacheka nini? Nani ameanza?" Hata ng'ambo ya plaiwudi walinyamaza. Kwenye safu ya mbele, msichana mmoja mpole, ambaye sijawahi kumgombeza hata siku moja, alikuwa anasukuma kitu chini ya dawati.

"Lete hapa."

Lilikuwa daftari kuukuu lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda. Halikuwa lake. Lilikuwa la dadake mkubwa, niliyemfundisha katika chumba hicho hicho miaka saba iliyopita. Mle ndani mlikuwa na masomo yangu yote, kwa mpangilio wangu, na majibu yote chini yake. Pembeni, kwa penseli, dadake alikuwa ameandika: "Hapa mwalimu anatembea kama kuku. Tunacheka."

Mnaelewa? Darasa langu moto lilikuwa linanisoma mimi. Daftari lile lilizunguka nyumba kwa nyumba jioni, wakalinakili, asubuhi wakaja kunisubiri nifike pale walipo. Na mimi nikajipigapiga kifua huko ofisini!

Nilifuta shamba ubaoni kwa kiganja. Nikaandika jingine: urefu mita tisa, upana mita sita. "Eneo ni ngapi?" Hakuna mkono. Nikangoja. Mwishowe mmoja wa nyuma akajaribu bahati yake.

"Elfu moja, Ticha?"

"Elfu moja imetoka wapi?"

"Huwa ni elfu moja."

Aki ya Mungu nilitaka kulia. Badala yake nikashika lile daftari kwa mikono miwili nilirarue, na walijua kwamba nitalirarua, kwa maana hasira zangu wanazifahamu. Yule msichana akasimama.

"Ticha, usirarue. Hatujafika ile ya kamba."

"Kamba gani?"

Akaja mbele, akafungua ukurasa, akaniwekea kidole. Penseli ile ile ya dadake: "Leo tumetoka nje na kamba. Tumepima kila kitu. Mwalimu alikuwa anarukaruka. Hesabu ni tamu."

"Tumekuwa tukiingoja," akasema. "Na kutembea kama kuku pia hatujaona. Tunacheka tu kwa sababu imeandikwa."

Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa. Niliona aibu, na siifichi. Ile kamba niliikumbuka. Ilikatika mwaka mmoja, nikasema nitaleta nyingine, nikawa sina nafasi, halafu nikawa sina nguvu, halafu nikasahau kwamba iliwahi kuwapo. Watoto hawa walikuwa wamekaa mbele yangu muhula mzima wakingoja mwalimu aliyeandikwa katika daftari la mtu mwingine. Na mimi nilikuwa na barua mkobani.

Nikaapa. Niende Satellite, nisiende, hayo ni mengine, lakini hawa hawatatoka mikononi mwangu na elfu moja kichwani.

Jioni hiyo, kwetu mtaa wa Kawangware 46, nilifungua kamba yangu ya kuanikia nguo. Mama jirani wa ploti yetu akaniuliza kama nahama. Nikamwambia ashike mwisho mmoja, anyamaze. Kwa futi ya kushonea tulifunga fundo kila baada ya mita moja, mafundo ishirini, mpaka vidole vikaniuma. Nguo zangu zililala juu ya viti.

Kesho yake niliwatoa darasani, wote arobaini na saba, mpaka pale karibu na maghorofa ambapo wafanyabiashara wadogo wameweka vibanda. Nikawapa kamba, huku wanne, kule wanne, nikaanza kupiga kelele: vuta, kaza, hesabu mafundo!

Nilipaswa kujua. Miaka kumi na mitatu katika mtaa ule, nilipaswa kujua. Pale, mtu akija na kamba ya kupimia, baada yake huja mtu wa rangi kuweka alama ukutani, na baada ya rangi huja wa kubomoa. Mama wa mandazi ndiye aliyeona kwanza. "Wamekuja kupima!" Akaanza kuteremsha turubai. Fundi wa viatu akazoa viatu vya watu akatia guniani. Dakika mbili hazijaisha, tumezungukwa.

"Madam," fundi wa viatu akaniambia, "sema ukweli. Nani amewatuma?"

"Hakuna aliyetutuma. Ni somo la hesabu."

"Somo gani la kupima vibanda vya watu? Hata watoto mnawatumia sasa?"

Niliwaka. Nilitaka kumjibu kwa lugha ya kwetu Magharibi, ile isiyotafsirika mbele ya watoto. Lakini mama wa mandazi, turubai begani, akasema, "Kama ni somo, si ufundishe tuone."

Watu wote wakanitazama, na watoto pia, yule msichana mbele yao. Daftari langu la rangi ya chai lilikuwa shuleni, na hata ningekuwa nalo, hakuna ukurasa wa mambo kama hayo. Basi nikashika sketi yangu, nikainama, nikatembea kama kuku. Nilipita katikati ya vibanda kwa hatua fupi fupi, shingo inaenda mbele na nyuma, nikamweleza fundi wa viatu kwamba hivi ndivyo atakavyopimiwa na mtu anayemuuzia shamba. Halafu nikageuka, nikaruka hatua ndefu mpaka kiatu kikachomoka, nikamwambia hivi ndivyo atakavyopimiwa na mtu anayenunua kwake. "Ndiyo maana," nikasema nikihema, "ninataka hawa watoto wajue kamba!"

Mama wa mandazi alicheka akashika mbavu. Na watoto wangu wakacheka, na safari hii hakukuwa na mtu aliyewaandikia.

Tukapima uwanja wote wenye vibanda hivyo. Urefu mafundo kumi na manne, upana kumi na matatu. Watu walikuwa wamekaribia wanangoja jibu, nami kwa jazba nikatangaza kwa sauti kubwa, "Mia moja sabini na mbili!"

Yule msichana akatazama chini, akiandika kwa kijiti mchangani: "Ticha, ni mia moja themanini na mbili."

"Kumbe hata ticha anakosea!" fundi wa viatu akapiga makofi. Uso ulinichoma. Msichana alinitazama jinsi alivyonitazama nikiwa nimeshika daftari lile. Nikachuchumaa, nikapiga hesabu mchangani kando yake, polepole. Alikuwa sahihi. "Ni themanini na mbili," nikawaambia wote. "Mimi nimekosea." Mama wa mandazi akarudisha turubai yake juu, akadai kibanda chake nacho kipimwe.

Jumamosi nilisahihisha madaftari. Zamani nilikuwa naweka alama zangu za vyema bila kusoma, ukurasa baada ya ukurasa, huku nimewasha redio. Siku hiyo nilisoma. Nilipofika la yule msichana, daftari lake mwenyewe, jipya, niliona pembeni maandishi madogo ya penseli. "Hapa Ticha alikosea. Tulimsahihisha. Hakukasirika sana. Jumatatu tunapima shule yote."

Sikumbuki kuahidi jambo kama hilo.

Dadangu alipiga simu Jumapili baada ya kanisa. Cherehani yangu imefika, iko karibu na dirisha, nitakuja lini kuiona? Nikamwambia siji. Akapandisha sauti, na alikuwa na haki, maana mimi ndiye niliyesema ndiyo. Akaniuliza ni kitu gani kimenigeuza, na mimi mwenyewe ndiye niliyelia kwake kwamba nimechoka.

"Bado nimechoka," nikamwambia. "Lakini imeandikwa kwamba kesho tunapima shule yote. Sasa niambie, kamba atashika nani?"