Choo cha Mama na Mkwe Aliyekataa Kuingia

Magoti ya Mama yalikuwa yameharibika, kwa hiyo choo cha kukalia tulichomjengea ndani ya chumba chake cha kulala, kijijini kwetu Ruiri, hakikuwa anasa. Kilimwezesha kujisaidia peke yake, na hilo ndilo alilobaki nalo la kujivunia. Niliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nilikuta maji machafu yakitoka chini ya bakuli kila maji ya choo yalipovutwa, naye Mama akikokota miguu matopeni hadi choo cha shimo, nyuma ya zizi.

Baba mdogo alikuwa amezungushia saruji kitako cha bakuli, akaridhika. Maji yakapata upenyo mwingine.

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba fundi wa bomba alikuwa ameketi uani kwetu akinywa chai. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Lakini kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama wa mkewe.

"Shemeji, ni bomba tu," nilimsihi.

"Bomba ni langu, kitanda ni cha mama mkwe. Unataka watu waseme nimeoa nyumba nzima?"

Baba mdogo alicheka hadi chai ikamwagika. "Mwalimu, huko chuoni mnavua heshima mlangoni pamoja na viatu?"

"Heshima gani, Baba mdogo? Mama anatembelea matope!"

Nilichukua spana nikaingia mwenyewe. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, na Shemeji akapaza sauti kutoka nje ya dirisha: "Usilazimishe! Utapasua bakuli!" Niliitupa spana sakafuni.

Ndipo Mama alipoita kutoka sebuleni. "Toeni kitanda changu. Toeni nguo, na picha ya marehemu baba yenu. Kikibaki kitupu, si chumba changu."

Tukatoa vyote. Shemeji akaingia, macho chini. Alibandua saruji kwa patasi, akalegeza bolti kwa mafuta, akanyanyua bakuli. Mpira wa kuziba ulikuwa umeoza kabisa. Akaweka mwingine, akakaza bolti kidogo kidogo, upande huu na ule, kisha akavuta maji. Sakafu ilibaki kavu.

Nikashika kitanda upande mmoja ili tukirudishe.

"Kiache," Mama alisema. "Mkwe ameshaingia mle. Siwezi kulala humo tena."

"Umeona?" Baba mdogo aliniambia. "Kila kitu kimekwenda kwa heshima."

Tulimtandikia Mama sebuleni, nyuma ya leso iliyoning'inizwa kwa kamba, pale wageni wanaponywea chai. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, juu ya desturi inayomlinda kila mtu isipokuwa mwenye maumivu. Lakini Mama alikuwa amenyoosha mkono. Kutoka pale hadi choo chake cha chumbani palikuwa mbali kwa magoti yake. Nikamshika kiwiko, tukapita mbele ya wanaume wale wawili, nao wakageuza nyuso kwa adabu.