Sindano ya Surua na Mate ya Mama Mkwe

Nilizaliwa Rhotia kwa wakulima, nikaolewa Ngorongoro kwa wafugaji, na hasira zangu nilihama nazo. Mtoto wangu wa kwanza aliuawa na surua. Kwa hiyo gari la kliniki lilipofika bomani, miaka ile ya sabini, nilimkumbatia wa pili nikamvaa nesi: "Ukimdunga akafa, utanizalia mwingine?"

Mtoto wa jirani alikuwa amedungwa kliniki, akachemka homa mpaka akashikwa na degedege. Nesi hakunificha. Alisema homa huja, degedege pia huweza kuja ila kwa nadra sana. "Surua je, mama, unaijua?" Loo, kuniuliza mimi! Nikageuka niondoke.

Mama mkwe akanidaka kanga, akanivuta hadi zizini. Alikishika kidole changu akakiweka juu ya pua ya ng'ombe mzee, penye kovu nene. Ugonjwa wa mapafu ulipoingia, akasema, walikata kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa, wakakipachika chini ya ngozi ya pua za wazima.

"Wote walipona?"

"Wapi! Wengine walivimba, mmoja akafa. Ambao hatukuwachanja waliisha wote."

Kumbe watu hawa walishapima jambo hili kwa kisu, juu ya mali yao yote.

Nikarudi. Nesi akapaka spiriti mkono wa mwanangu. Mama mkwe akautemea mate, kama wanavyobariki kwao. "Aa, bibi, nimeshasafisha!" Nesi akafuta, bibi akatema tena. Nilicheka. Mwishowe bibi aliachiwa paji la uso, nesi akabaki na mkono.

Baada ya wiki hivi homa ikaja kweli. Nilimlaani nesi, nikamnunia mama mkwe, mpaka mtoto alipopoa akadai ziwa.

Kabla ya mvua surua ikapita bomani. Ilimchukua mtoto wa mama aliyejificha porini siku ya gari. Yule wa degedege ilimruka. Wangu alitambaa katikati ya wagonjwa, akiwanyang'anya vibuyu vya maziwa, wala hata kipele hakutoka. Mungu wangu! Nilimtazama nikaogopa hata kumgusa.

Gari liliporudi, mama mkwe alitangulia mbele yetu sote. Nesi alipomwona aliweka pamba chini, akavua kofia yake nyeupe, akainamisha kichwa, akangoja kutemewa.