Matela ya mpira yenye ilitaka kunirudishia mutoto yangu

Jambo yenu, bamama bakubwa ba kaye yetu ya masomo ya mangaribi. Na nyinyi batata, bwana zetu, benye munaisomaka kwa kujificha, jambo yenu pia. Tunawajua.

Kaye, hii daftari yetu yenye inazungukaka nyumba kwa nyumba, imefika kwangu juzi. Niliona Mama Helena ameandika habari ya mbuzi yake, na chini yake batu bamecheka mupaka ukurasa umeisha. Sasa zamu yangu. Nitasema kweli tupu, hata fasi yenye kunipatisha haya, ju rozari yangu iko hapa karibu na wino.

Veronika, mutoto yangu wa kwanza, munamujua. Aliolewa na Alubeta, karani ku ofisi ya mine, kule banachimbaka mawe, kijana wa Kasai sawa siye.

Muzungu mukubwa wake alirudia Bulaya, akamuachia matela, godoro ya kulalia. Si ile ya majani yenye tunalaliaka siye. Ile ni ya tabaka: chini mpira nzito yenye matundu, juu eponji laini, halafu shiti ya nailo yenye kung'aa.

Kambi yote ya bafanyakazi ilipita kuibonyeza na kidole, sawa vile unaangalia kama mukate umeiva.

Ilikuwa wakati ya baridi. Vumbi tupu, mvua hata tone.

Asubuhi ya kwanza Veronika anashuka mu kitanda, anapatia bwana yake kikombe ya chuma. Ta! Kitu kikawauma bidole, bote babili.

Kesho yake Alubeta anamugusa sikio. Ta!

Wakavuta ile shiti, madirisha imefungwa, bakaona bimoto bidogo bidogo, na sauti sawa chumvi mu moto.

Alubeta hakumusemea bibi yake kitu. Akaenda kusemea shangazi yake, Mama Agata. Na munajua, kwetu dada ya baba akisema, baba mwenyewe anakaa chini.

Mama Agata akasema: "Hii ni radi. Kule kwao batu bananunuaka radi kwa balozi, bale benye kuroga. Mama yake aliitia mu mwili ya binti. Arudie kwao, mbele haijatuulia Alubeta."

Huyo mama yake, njo mi.

Haya, chekeni kwanza. Mi nangoja.

Mumemaliza? Sasa sikieni bujinga yangu mwenyewe. Mi sikusema Mama Agata anadanganya. Mi pia niliogopa! Nikasema labda kuna mutu anatutumia radi kweli. Nikachukua chupa ya mayi ya baraka, nikapatia Veronika. Mi siwezi kuingia mu chumba ya mukwe, ni mwiko. Nikamuambia amwange ile mayi ku matela yote na Salamu Maria kumi.

Akamwanga. Ikanyamaza!

Siku mbili, hakuna ta. Nikasimama mbele ya bamama ba parokia, nikashuhudia na sauti yenye ilifika mupaka ku barabara. (Mama Helena, usicheke. Wewe njo ulipiga kigelegele.)

Siku ya tatu matela ikakauka.

Ta!

Na Mama Agata akaweka siku: yenga, siku ya Mungu, kisha misa, bazee bakutane, Veronika afunge bitu byake. Mutoto alikuja kwangu macho imevimba. "Mama, mi sina radi."

Kwa bahati ijumaa moniteri, mwalimu wetu wa mangaribi, alisugua kichanuo ku sueta yake, akanyanyua nayo bipande bya karatasi. Mulikuwa pale, mulipiga mikono. Akasema bitu bikavu bikisuguana, kuran, njo umeme, inajikusanya, na ikikuta chuma ao mutu, inaruka. Mayi njo inaifukuza.

Nikanyoosha mukono. "Mayi gani, moniteri?"

"Yoyote, mama. Hata ya bomba."

Niliandika hiyo jibu. Lakini roho iliniuma kidogo, sitaficha.

Yenga ikafika, bazee bakakutana kwa Alubeta. Mi na mukwe wangu hatuwezi kutazamana, basi nilikaa nyuma ya mulango, mugongo kwake. Bwana yangu, Tata Yozefu, akawa njia ya maneno.

"Tata Yozefu, muambie mukwe atoshe matela inje ku lupango, mu kiwanja ya nyumba."

"Mukwe, tosha matela."

"Tata Yozefu, muambie nimesikia." Huyo ni Alubeta, metre mbili tu na mi.

Ikatoka na shiti yake ya nailo. Nikachungulia ku mulango, nikasema: "Mama Agata, wewe njo mukubwa wetu. Kaa wa kwanza."

Hakukataa. Nani anakataa ile matela? Akakaa na kombinezo yake ya nailo chini ya nguo, na bilato bya mpira ku miguu. Akaanza kusema. Na Mama Agata akisema, makalio pia inasema: kushoto, kuume, mbele, nyuma. Radi, balozi, bukoo yetu yote, hakuacha mutu.

Mwisho akasimama, akanyoosha kidole mupaka karibu na pua ya Veronika: "Ni wewe…"

TA!

Bote babili bakaruka.

Tata Yozefu, mwenye hasemaka hata neno ya kwake, akauliza pole pole: "Shangazi, wewe radi yako ulinunua wapi?"

Alubeta njo alianza kucheka. Kisha bazee. Mama Agata akatazama kidole yake, akatazama makalio yake, na yeye akaanguka na kicheko mupaka kitambaa ikatoka ku kichwa.

Bakatia shiti ya pamba, na beseni ya mayi mu chumba. Ya bomba. Veronika hakufunga hata sahani.

Somo yangu ni moja: mbele hujaita mwenzako mulozi, kaa wewe kwanza fasi yake. Mayi ya baraka ningali nayo. Na ya bomba, ni nani aliiumba?

Mwezi yenye imepita Veronika alizaa mutoto mwanaume. Mama Agata njo alikuja wa kwanza kumubeba. Lakini mbele ya kunyoosha mikono, alisimama, akatazama huku na huku, akagusa kwanza ndoo ya chuma.

Andikeni chini, bamama, na mwenye matela yake inaumaka aseme pia. Musiogope. Kaye ikitoka kwangu inaenda kwa Mama Agata, na nataka asome yote.